Muuza Sangara na Mvuvi wa Aisilandi

Mama muuza sangara wa mtaa wa Mabatini hukaanga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umeshika riwaya ya Aisilandi, tafsiri ya Kiingereza, aliyoiokota kwenye robota la mitumba. Akifika penye utani hucheka kwanza, ndipo awatafsirie wateja. Ngosha, fundi baiskeli mwenye njaa, huona anacheleweshwa tu. Leo mama hakucheka.

“Padri kamwambia mvuvi mzee ajiandae kwenda mbinguni. Mzee kajibu: watakatifu wote pichani wana mikono laini, sasa huko samaki anaanika nani?”

Wateja wakaangua kicheko. Yeye akafuta macho kwa kanga.

“Mama, samaki wanaungua!”

“Waache. Mzee wangu anakata roho.”

Ngosha akanyakua mwiko, akawageuza mwenyewe.

“Haya, soma. Amekufa?”