Miti ya Pamba Ukutani

Wiki iliyopita fundi wangu hapa Bariadi alikuja saiti na dumu la oili chafu, akalifungua mbele yangu ili apake nguzo za banda la uani. Mtu mzima mimi, nina nyumba inayopanda na watoto wananisubiri, nikasimama pale navuta pumzi kama mbuzi aliyesikia pumba. Wenzangu wanaikimbia harufu ya oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Kwangu ni harufu ya baba. Na ngoja niwaambieni, harufu hiyo ilinitesa kwa wivu utoto wangu wote.

Baba alikuwa dereva wa lori la kubeba pamba. Alikuwa na nyumba mbili. Moja ni yetu kule Nkololo, ya mama yangu, mke mkubwa. Nyingine ni ya mama mdogo, pale senta, karibu na barabara, na huko ndiko alikolala. Kwetu nilikuwepo mimi, Kabula. Kwa mama mdogo alikuwepo Minza, na tulisoma darasa moja. Nyumba ya senta niliiona ikijengwa. Kila nguzo baba aliilaza kwanza, akaipaka oili chafu kwa mkono wake mpaka ikanywa, ndipo akaisimamisha. Msingi ukazungushiwa majivu. Miguu ya vitanda ikasimamishwa ndani ya makopo yenye oili. "Hapa mchwa watapita wakiangalia tu," alikuwa akijisifu. Nyumba yetu ilijengwa zamani, wakati hana lori wala oili, kwa hiyo nguzo zake zilibaki kavu vilevile.

Minza alikuwa anakuja shule sare yake inanuka oili. Wengine walimcheka. Mimi nilisogea karibu naye kwenye dawati huku roho inaniuma, maana nilijua kilichotokea: jana jioni baba ametoka kazini na kumpakata kabla hajanawa. Yaani nilitamani na mimi ninuke hivyo, nichekwe hivyo. Halafu, kama haitoshi, watu wa senta wakaanza kumwita Baba Minza. Baba Minza! Na mimi niliyezaliwa kwanza ni nani?

Sasa kwa upande wa mchwa, mama yangu hakuwa na mpinzani kijijini. Kila Jumamosi tulizunguka nyumba yetu, tunakwangua vijia vya udongo wanavyojenga ukutani, tunamwaga majivu kwenye nyufa, tunamalizia na maji ya mwarobaini yaliyochemshwa hadi yakawa machungu ya kukutoa machozi. Majirani walimfuata asubuhi asubuhi na salamu ya Kisukuma. "Mwangaluka, Mama Kabula. Hebu njoo unitazamie kabati langu." Alienda, akainama, akagonga mbao kwa kidole, akasikiliza. Kisha akasema lile lile la siku zote: "Toa kuni ukutani, mayu. Mchwa haji mlangoni kupiga hodi, anapandia kuni zako."

Ndiyo maana mwaka ule, tulipomaliza kuvuna pamba na kung'oa miti yake shambani, nilimshangaa. Wenzetu waliichoma palepale, na wachache walibakiza ya kupikia, wakairundika mbali na nyumba. Mama aliniamuru nibebe mafungu nyumbani na kuyaegemeza ukutani, upande wa chumba chake.

"Mama, si unasema kuni zisikae ukutani?"

"Kwani hizo ni kuni? Hizo ni miti ya pamba."

Nikayabeba. Haikuchukua muda vijia vya udongo vikaanza kupanda, kimoja, kisha vingi, mpaka kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Nilichukua kijiti nikwangue kama kawaida yetu, mama akanipiga kofi mkononi. "Hebu acha! Nenda senta kamwambie baba yako mchwa wamefika kwenye kenchi."

Nikaenda. Nikamkuta baba anakula na Minza sahani moja, mkono wake na mkono wa Minza kwenye ugali uleule. Jamani, nisidanganye, nilimchukia yule mtoto.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kuna nini huko?"

"Mchwa wamefika kwenye kenchi." Halafu nikaongeza la kwangu: "Mama anasema nyumba itatuangukia."

Mama mdogo akaguna. "Si wapake majivu?"

Baba aliacha kutafuna. Akamtazama, akanitazama. "Mwambie mama yako nakuja Jumamosi."

Jumamosi hiyo mama alioga mapema. Alikuwa amesuka nywele, amevaa khanga yake ya kanisani, na jikoni kulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vyetu vya kukausha, imepikwa na karanga. Mimi nilidhani ni sikukuu ambayo sijaambiwa. Baba akateremka kwenye baiskeli, dumu la oili limefungwa nyuma, akatazama ukuta akapiga yowe.

"Mama Kabula! Nani kaweka miti ya pamba hapa?"

"Mimi, Baba Kabula. Nilisahau."

"Wewe? Wewe usahau?"

Mama akaangalia chini, akachorachora vumbi kwa dole gumba la mguu.

Baba alifanya kazi kutwa nzima huku akilalamika. Alichimba kuzunguka ukuta, akakata mbao zilizoliwa, akapaka oili. Mimi nilishika kitambaa, nikajipaka mikono, shingo, na sare ya shule niliyoivaa kwa makusudi ingawa si siku ya shule. Usiku ule alilala kwetu. Jumatatu nikakataa kuoga, nikaenda kukaa kwenye dawati karibu na Minza, nikamwinamia kabisa. Akanusa. Akanusa tena. Macho yakamjaa machozi, akahama dawati. Siku hiyo nilicheza kamba kuliko watoto wote.

Mwaka uliofuata, tulipong'oa pamba, mama akasahau tena. Na mwaka mwingine tena. Nilikua nikimsimulia kila mtu kama kichekesho: mtaalamu wa mchwa wa kijiji kizima, kila mavuno anasahau kuni ukutani kwake! Nyumba yetu iliisha kidogo kidogo. Kona ya jikoni ilianguka mvua za masika, mama akapikia nje bila kulalamika. Nyumba ya senta ilisimama imara, wala hakuna aliyehitaji kuitwa kwenda kuitazama.

Baba alishafariki. Mama anakaa nami sasa, na siku ile ya dumu nilikuwa nimemleta aone ujenzi. Alitembea taratibu kuzunguka msingi, mara akaona mabaki ya mbao yameegemezwa ukutani.

"We fundi! Toa hizo mbao hapo, unaita mchwa!"

Nikacheka. "Mama! Wewe huyuhuyu? Na ile miti ya pamba uliyokuwa unasahau kila mwaka?"

"Nani alisahau?" Alisema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayeulizwa jambo la kawaida. "Baba yako alikuwa haji kuniona mimi, Kabula. Alikuwa anakuja kuona nyumba."

Kicheko kikanikauka. Miaka yote nilijua kwamba katika nyumba ile mwenye wivu ni mimi peke yangu. Kumbe mama alikuwa analisha mchwa kenchi zake mwenyewe, mbao moja baada ya nyingine, apate Jumamosi moja ya baba kumwita Mama Kabula.

Yeye alishafika kwenye dumu. Akainama kwa shida, akachovya kidole, akanusa, kisha akakifutia kwenye khanga yake mpya, kifuani. Nilikuwa nimemnunulia siku ileile. Doa lile hataki lifuliwe.