Viatu Vilivyosubiri Siku Kubwa

Sanduku la mama lilinuka udi, karafuu na, msimu ule mmoja, ngozi mpya. Lilikaa chini ya kitanda chake, nyumbani kwetu Kindu karibu na stesheni, na kila kitu kipya kililala humo kwanza. Kanga, kofia, hata sahani ya bati ilisubiri Idi. Ndivyo walivyoishi Waislamu wa mtaa wetu tangu enzi za babu zao. Kuvaa kipya siku ya kawaida kulikuwa utovu wa adabu, na mama hakuchoka kutukumbusha kwamba akiba haiozi.

Kaka yangu Ramazani alipakia magunia ya mchele kwenye gari moshi, na jioni alicheza winga ya kushoto, peku kama wenzake wote. Mwaka ule, Wabelgiji wangali wakitawala, timu ya Kongo ilialikwa Usumbura, Bujumbura ya leo, kushindana na Tanganyika na Uganda, naye akachaguliwa, peke yake kutoka kwetu. Matumaini hayakuwa makubwa. Wafanyabiashara waliowahi kufika Kigoma walisema watu wa huko wamecheza na viatu miaka mingi, na kwamba sisi tulikuwa tunapeleka mbuzi machinjioni. Hata hivyo mtaa mzima ulimwombea dua. Kucheza peku kulikatazwa kwenye mashindano, kwa hiyo treni ilimletea viatu vya ngozi vya kuchezea mpira pamoja na barua ya timu: avivae kila siku, miguu izoee kabla ya safari.

Mama alivipokea kwa mikono miwili, akavifungia sandukuni.

"Mama, miguu yangu haijavijua," kaka alimsihi.

"Hii viatu njo ya siku kubwa," mama alijibu. "Ukivaa leo mu vumbi, ile siku utavaa nini?"

Ramazani hakuwa mtu wa kubishana na mzazi. Alinijia mimi, mdogo wake wa miaka tisa. Mama alikuwa amelala baada ya sala ya adhuhuri, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga yake. "Zaina, ufungue ile fundo pole pole," alininong'oneza. "Nitavaa kule kwa muto, hataona." Nilikwenda, nikalishika lile pindo. Kisha nikaogopa dhambi, nikamwamsha mama na kumwambia yote. Alinishukuru, akauhamishia ufunguo kiunoni. Siku hiyo nilijiona mtoto mwema kuliko wote wa Kindu.

Ramazani alisafiri na viatu ambavyo hakuwa amevivaa hata mara moja, na habari za mchezo zilirudi na wafanyakazi wa treni kabla yake. Kabla ya mapumziko visigino vyake vilikuwa vimechunika na kidole gumba kimepasuka. Alimwomba mwamuzi ruhusa ya kuvivua viatu, akakataliwa, akatolewa nje akibebwa. Wenzake walifungwa hadi watazamaji wakachoka kushangilia. Alipowasili mwenyewe alishuka akichechemea, nyayo zimefungwa vitambaa, viatu vikining'inia shingoni. Alimkabidhi mama.

"Rudisha mu sanduku, mama. Iko mupya bado."

Aliyasema bila hasira, na hapo ndipo mama alipolia mbele ya watu. Kidonda kilioza, kidole kikakatwa, na Ramazani hakucheza tena. Tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kaka yangu alisikia.

Leo wajukuu zangu wanakimbia kwenye matope ya Kindu na viatu vya kila rangi, na timu ya taifa ikicheza wanapiga kelele mbele ya televisheni, roho mkononi kama sisi zamani. Mimi kitambaa nikinunua asubuhi, adhuhuri nimekivaa, nao wananicheka kwamba bibi hana subira. Sijawaeleza. Mama alikufa akijilaumu peke yake. Ramazani naye ametangulia, na hadi mwisho aliamini kwamba siku ile mama alizinduka mwenyewe usingizini. Kila Idi alininunulia kanga, kwa sababu, alisema, mimi ndiye pekee niliyejaribu kumsaidia.