Mama wa Mwamkulu Aliyejaza Behewa

Wiki iliyopita, kwenye stesheni ya Mpanda, nilimwona mama kutoka Mwamkulu akiwa na magunia yake ya mpunga. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, na wingu jingine lilikuwa linakuja.

"Mizigo midogo isubiri wiki ijayo," karani alimwambia. "Leo tunapokea behewa zima tu."

"Mpunga ukilowa utaota, baba. Na behewa likijaa je?"

"Likijaa, linaondoka."

Mama alikaza kanga kiunoni, akageukia foleni. "Nyie, nani anapeleka nafaka Tabora? Tujaze behewa moja, kila mtu aandike jina kwenye gunia lake!"

Wasukuma wafugaji na Wabende wenyeji, waliozoea kukutana kwenye kesi za ng'ombe kula mahindi, walianza kubebeana magunia. Kufika saa nane, behewa lilikuwa limejaa. Karani aliinuka kitini, akamkabidhi fomu kwa mikono miwili. "Saini wewe, mama. Wewe ndiye mwenye behewa."

Reli hii ililetwa kubeba madini ya risasi. Mgodi ulipofungwa, wataalamu walituambia mji umekwisha. Nadhani walihesabu mawe tu, wakawasahau watu.