Fundi Pelagia na deni la ndoo sita

Jumatano, Septemba 17, 2025, saa 12:40 asubuhi. Mawingu membamba yasiyo na ahadi ya mvua yametanda juu ya Butiama, na upepo kutoka upande wa ziwa unapeperusha vumbi. Pelagia Magesa, mwenye umri wa miaka 50, anashuka kwenye bodaboda akiwa na mfuko wa spana begani na kamba ya nailoni mkononi.

Anawasalimu wenyeji kwa mpangilio wa umri, kama alivyolelewa. Kisha, badala ya kuiendea pampu ya mkono aliyoitiwa, anachuchumaa kwenye mfereji unaopitisha maji yanayomwagika.

"Hiki kisima kimekufa lini?" anauliza.

"Jana, fundi. Jana jioni hivi," anajibu Eliasi, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kitongoji hiki.

Pelagia anagonga tope la mfereji kwa spana. Limekauka na kupasuka vipande vipande. Mchicha uliojiotea pembeni umelala chini, mkavu. Anainua jiwe na kuchungulia chini yake.

"Nyigu wanachukuaga tope hapa wakajenge. Hawapo. Vipepeo hawapo. Chura wa chini ya jiwe naye kahama. Na mchicha haukaukagi kwa siku moja, mwenyekiti. Hapa ni wiki na zaidi."

Wanawake waliosimama na ndoo tupu wanatazama chini.

Ndivyo anavyofanya kazi mwanamke huyu wa Bugwema, Musoma Vijijini, ambaye kwa miaka 17 amekuwa akifufua pampu za mkono katika vijiji vya Musoma, Bunda na Butiama. Kabla ya kushika spana, husoma viumbe. Mahali penye maji pana wenyeji wengi wasioandikwa kwenye daftari la kitongoji, na wote wana kiu.

Alijifunza hayo kwa mzee Clementi, fundi wa maji ambaye sasa amestaafu. Mwaka 2008 Clementi alifika Bugwema kutafuta watu wa kufundishwa. Walijitokeza wanaume 11 na Pelagia, aliyeishia darasa la saba. Mtihani ulikuwa mmoja: kuifungua pampu yote na kuirudisha, ikatoa maji kabla ya adhuhuri. Waliofaulu walikuwa watatu, naye akiwa mmoja wao.

"Mzee alikuwa haulizi kwanza kilichovunjika," anakumbuka. "Alikuwa anauliza, nani ameacha kuja hapa? Ukijua nani ameacha kuja, unajua ugonjwa umeanza lini."

Asubuhi hii ugonjwa una siri. Pelagia anashika mpini wa pampu na kuutazama kwa muda. Umepinda kuelekea pembeni. Anainua macho kwenye tawi la mgunga lililo juu yake. Gome la tawi limechubuliwa na kamba.

"Mkono wa binadamu haupindishi chuma kwenda pembeni," anasema. "Nani alifunga kamba hapa?"

Eliasi anakohoa. "Fundi, unajua vyuma vya siku hizi..."

"Eliasi, sema," inakatiza sauti ya kikongwe aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Sema, au nimwite Trekta aje aseme mwenyewe?"

Wanawake wanaangua kicheko. Aliyezungumza ni Rhobi Ryoba, mwenye umri wa miaka 74. Trekta ni dume lake la ng'ombe la kulimia.

Ukweli unatoka. Kitongoji kina kaya 72 na ng'ombe wapatao 300. Ng'ombe mmoja mkubwa, msimu wa jua kali, hunywa lita 40 kwa siku, na kila lita lazima ipandishwe kwa mkono. Vijana walichoka. Eliasi akapata wazo: kamba ifungwe kwenye mpini, ipitishwe juu ya tawi, imalizikie kwenye nira ya Trekta. Dume likienda mbele mpini unapanda. Likirudi nyuma mpini unashuka.

"Na lilifanya kazi!" Eliasi anajitetea. "Birika zima la ng'ombe lilijaa, fundi. Watu walipiga makofi."

"Ndiyo," anasema Rhobi. "Na Trekta hajazoea makofi. Akatoka mbio na pampu ya watu."

Hilo lilitokea siku tisa zilizopita. Kwa kuogopa kanuni waliyoitunga wenyewe, kwamba anayevunja pampu kwa uzembe hulipia matengenezo, wanakamati walinyamaza na kujaribu kuitengeneza kimyakimya. Siku hizo zote watu walichota kwenye lambo wanamonywea ng'ombe. Wajukuu wawili wa Rhobi walilazwa zahanati kwa kuhara na kutapika. Walirudi nyumbani juzi.

Pelagia hapandishi sauti. "Mwenyekiti, ungeniambia siku ile ile, ningekucheka nikatengeneza. Sasa mmenyamaza, watoto wamelala na dripu. Uongo wa maji una wagonjwa."

Eliasi anavua kofia. "Nimekosa, dada yangu."

"Haya. Leta magogo matatu ya kusimika juu ya kisima na vijana wanne wenye mikono."

Inapofika saa tatu, uzito wa kosa lile umeonekana. Ndani ya kisima chenye kina cha mita 36 huning'inia vyuma 12 vilivyoungwa kimoja kwa kingine kwa hesi za kuzungusha na kukaza. Saba vimetoka. Kiungo kilichofuata kimekatika, na vile vitano vya chini, pamoja na pistoni inayovuta maji, vimebaki kilindini. Visipotoka, bomba limeziba, na kisima hiki kitafunikwa kwa zege. Kuchimba kingine kunahitaji mtambo, na kitongoji hakina uwezo huo.

Pelagia anatoa mfukoni kitu anachokiita ndoana: kikombe cha chuma chenye meno matatu yanayojifunga, alichofuliwa na Mugeta, mhunzi wa Musoma mjini. Anakifunga kwenye kamba na kukishusha gizani.

"Mume wangu Samwel anavuaga dagaa ziwani, mimi navua vyuma ardhini," anasema bila kuondoa macho kwenye kamba. "Yeye akirudi mikono mitupu anasema mbalamwezi imekimbiza dagaa. Mimi nikirudi mikono mitupu nisemeje?"

Mara ya kwanza ndoana inatoka tupu. Mara ya pili inanasa, kamba inakaza, vijana wanavuta hatua sita, kisha mzigo unachomoka na kurudi chini kwa kishindo kinachosikika hadi walipo wanawake. Ng'ombe wa kwanza wameshafika na wanalamba birika kavu.

Pelagia anaketi, anakunywa maji kidogo kutoka kwenye chupa yake, na kunyoosha jino moja la ndoana kwa koleo. Haharakishi. Kazi hii humpa shilingi 35,000 kwa pampu, mbali na vipuri. Kuna miezi ya pampu nne na miezi isiyo na hata moja. Lakini leo, anakiri kwa sauti ya chini, hakuja kwa ajili ya hizo.

Mwaka wa ukame mkali, 2006, Pelagia aliondoka Bugwema akiswaga ng'ombe pekee aliyebaki zizini kwake, mwenye mimba, kumpeleka kwa kaka yake wa Butiama kulikosalia majani. Ng'ombe alianguka karibu na kitongoji hiki. Watu walikuwa wakichota kwa zamu kwenye mashimo waliyochimba katika mchanga wa mto uliokauka. Zamu ilikuwa ya Rhobi.

"Hakuniuliza jina," anasimulia. "Alichota ndoo sita akamnywesha ng'ombe wangu, wa kwake wakisimama hapo wanaangalia. Walirudi nusu kiu. Kesho yake ndama wake mmoja alikufa. Mimi nilikuja kusikia baadaye."

Ng'ombe yule alizaa. Maziwa yake yaliwavusha watoto wanne wa Pelagia mwaka ule, na ng'ombe watano walio zizini kwake leo ni uzao wake.

Saa 7:20 mchana ndoana inashuka mara ya tatu. Kamba inakaza. Pelagia anainua kiganja kuwazuia vijana, anasubiri, anaizungusha kamba taratibu, kisha anasema, "Sasa. Polepole. Kama mnamtoa ndama tumboni."

Chuma cha kwanza kinachomoza kinywani mwa bomba, kikifuatwa na vingine vinne. Wanawake wanapiga vigelegele. "Na Trekta yuko mbali?" mmoja anauliza, na kicheko kinarudi.

Pelagia anaunyoosha mpini, anabadilisha kiungo kilichokatika na washa za mpira, anafunga kila hesi mwenyewe na kumtaka Eliasi aikague mbele ya watu wote. Ana mpango anaoutaja kila anakokwenda: kila pampu iliyo njia ya ng'ombe ijengewe tangi na birika pembeni, maji yakivutwa kwa umeme wa jua, ili ng'ombe na mtoto wasigombee mpini mmoja. Bugwema wameanza kuchanga. Eliasi ameahidi, mbele ya mashahidi, kuitisha mkutano Jumapili baada ya misa.

Saa 9:05 maji yanatoka. Kwa desturi ya hapa, maji ya kwanza ni ya fundi. Pelagia anakataa kikombe.

"Mleteni Trekta," anasema.

Dume linaletwa. Pelagia anashika mpini mwenyewe, anajaza ndoo na kuimimina birikani, akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Ng'ombe wengine wanasubiri, na hakuna mwenye ng'ombe anayelalamika. Mgongo wa kanga yake umelowa jasho anapofika mwisho.

"Sita," anasema. "Mama, mwaka ule wa kwangu alitangulia. Leo wa kwako. Tumemalizana?"

Rhobi anainuka juu ya ndoo yake, anamtazama Trekta, kisha anamtazama fundi.

"Tumemalizana, mwanangu. Lakini huyu bado ana kiu."

"Ya saba utapampu mwenyewe, mama. Aliyevunja ni wa kwako."

Rhobi anacheka, anaiweka ndoo yake chini ya bomba na kushika mpini.