Reli ya Misumari

Leo nimemfukuza fundi aliyekuja kupaka geti langu rangi ya bluu. Harufu ya rangi hiyo ilinirudisha utotoni.

Mimi na rafiki yangu wa ukoo wa ng'ambo ya mto tulijenga stesheni ya mizigo juu ya ubao. Mabehewa yalikuwa viberiti, na reli zilikuwa misumari mirefu tuliyoipaka bluu. Kisha ng'ombe wakaibwa, na koo zetu zikaanza kukatana mapanga. Baba akaja na nyundo.

"Mura, lete hiyo misumari."

"Baba, hiyo ni reli!"

Kofi likanilaza chini. Akaing'oa yote, akaponda ncha zake juu ya jiwe, akaifunga kwenye mishale.

Vita vilipotulia, rafiki yangu alinisubiri mtoni. Alifungua kiganja, nikaona msumari wa bluu.

"Tuliuchomoa shingoni mwa baba yangu."