Mteja Wangu wa Mitungi

Hakuna mtu katika mji mzima wa Wote anayenishinda kuuza plastiki, na hilo nalisema bila aibu. Niliacha shule darasa la sita, nikaanza na beseni za kubeba kichwani, na leo duka langu lina milango mitatu, na matangi yamejipanga nje hadi karibu na barabara. Kwa hiyo msichana mmoja wa chuo kikuu alipoomba kuketi dukani awaulize wateja kama wameridhika, nilimpa kiti kizuri. Nilitaka sifa zangu ziandikwe.

Alikuwa anasomea saikolojia, mambo ya akili za watu. Kila mteja alichagua namba kuanzia moja hadi tano, tano ikiwa ni kuridhika kabisa. Kila mmoja alisema tano, maana nilikuwa nimesimama pale pale nikiwaangalia.

"Mzee, ukisimama hapo watakusifu tu."

"Basi wanisifu. Nimewakataza?"

Ilikuwa siku ya soko, na mteja wangu mkuu akafika, mama mjane kutoka Kilungu. Kila siku ya soko alinunua mtungi wa lita ishirini, lazima uwe wa njano. Aliugonga, akaupuliza, akanusa ndani, ndipo akalipa. Nikapaza sauti duka zima lisikie: "Muulize huyu! Huyu hawezi kumaliza wiki bila mimi."

Mama akafikiri sana. "Andika mbili," akasema.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. "Mwaitu," nikamwambia, maana mama wa rika lile kwetu ni mama yako, "mbili kwa nini? Mtungi wangu umewahi kuvuja?"

"Haujavuja. Lakini ameniuliza mimi, hajauliza mtungi."

Alipoondoka, msichana aliniambia kwamba mteja anayerudi kila mara si lazima awe ameridhika. Kuna watu ambao kununua kumewashika, akasema. Raha inakuja wakishika kitu kipya, inaisha, wanarudi kuitafuta. Nikamjibu kwamba biashara haisomewi darasani. Lakini jioni nikifunga duka nilikuwa bado nayarudia maneno yale.

Wiki hiyo hiyo mwana wa yule mama, fundi wa magari katika mji wa Sultan Hamud, akaja dukani na mikono bado ina grisi.

"Ni wewe unamuuzia mama mitungi? Unajua analala jikoni?"

"Sasa nimfukuze dukani?"

"Ukimuuzia tena, namhamishia kwangu. Ile nyumba naifunga."

 Mume wa yule mama amezikwa pale nyumbani, na kila mchungwa ulioko shambani aliupanda yeye mama. Kumpeleka akae chumba cha kupanga cha mwanawe, kando ya barabara ya Mombasa, ni kumng'oa.

Nilikuwa na tangi la kupeleka Kilungu, nikapitia kwake. Chumba cha kulala kilijaa mitungi ya njano kutoka sakafuni hadi karibu na mabati, yote ina maji, kila mdomo umefungwa kwa karatasi ya nailoni. Kitanda kilikuwa jikoni, kando ya mafiga. Nje, majani ya michungwa yalikuwa yamejikunja kwa kiu.

"Mwaitu, mbona humwagilii?"

"Maji haya ni ya akiba, mwanangu. Mimi nimechota maji mchangani, mto ukiwa umekauka. Unachimba mpaka shimo likufike mabegani, na watu na punda wao wanakungoja umalize. Wewe hujui."

Najua. Nilichota pia. Nikamwuliza swali ambalo yule msichana angeuliza: "Ukinunua mpya, raha inakaa muda gani?"

"Mpaka ujae. Ukijaa, naanza kuwaza mwingine."

Nikaketi juu ya mtungi. Niliwaza ploti zangu, viwanja ninavyonunua kila nikipata pesa. Nyingine sijaikanyaga tangu nipewe hati, na siku ya kupewa hati ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuifurahia.

Lakini mimi ni mfanyabiashara, akili yangu hailali. "Kuanzia leo sikuuzii tena," nikamwambia. "Nakubadilishia. Lete mmoja mtupu, uchukue mpya."

"Mtupu nitautoa wapi, na yote imejaa?"

"Hiyo ni kazi yako."

"Basi nitaenda kwa yule muuzaji jirani yako."

"Nenda. Mitungi yake inanuka mafuta ya taa."

Akacheka, kwa sababu alishawahi kuinusa.

Siku ya soko iliyofuata alikuja mikono mitupu, akapapasa mitungi ya njano, akaenda zake. Iliyofuata, hivyo hivyo. Nikajua nimempoteza. Kisha akatokea na mtungi mkuukuu, ndani bado una unyevu, na viatu vyake vina matope.

"Nimemwagilia michungwa miwili," akasema. "Mtungi niliufungua nikaufunga tena, karibu niache."

Nikamletea mpya, wa njano. Akaugonga, akaupuliza, akanusa. Akanirudishia.

"Wacha leo nirudi na huu wangu. Nimeuzoea."

Nilimtazama akivuka barabara, mtungi mtupu ukigonga goti lake. Kitanda bado kiko jikoni, najua. Lakini mwanawe hajarudi kugombana, na mama bado yuko nyumbani kwake.

Simu ikalia. Ni dalali: kuna ploti Sultan Hamud, ya kona, niwahi kabla mwingine hajaiona. Tayari nilikuwa nimeshika ufunguo wa gari.

"Kwani," nikamwuliza, "ni lazima iwe leo?"