Mama Mdogo na Fundi Aliyekataa Kuulizwa

"Mama mdogo, si uende tu nyumba ya jirani?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la pili, yeye ameketi sebuleni kwa bibi, miguu kailoweka kwenye beseni. Alinitazama, akacheka, akanirushia matone ya maji usoni. Jibu sikupewa.

Mama mdogo ni mdadisi. Ndiyo kazi yake, na kitambulisho chake cha shingoni kimeandikwa hivyo. Kila baada ya miaka kadhaa nchi hutaka kujua watu wake wanaishije: wanakula nini, watoto wana urefu gani, nani anaumwa na anatibiwa wapi. Wadadisi hupita kwenye nyumba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, na kishikwambi, mizani na ubao wa kupimia urefu. Wakirudi, majina hufutwa, majibu huwekwa mahali ambapo watafiti wanaweza kuyachambua.

Kazi hiyo ilimwingia mpaka akawa hafai kwa mazungumzo ya kawaida. Bibi akilalamika mgongo, yeye anauliza, "Katika wiki mbili zilizopita, maumivu hayo yalikuwa madogo, ya wastani au makali?"

"Makali," bibi anajibu. "Na yameanza ulipofungua mdomo."

Mimi nilimjibu kila kitu. Sikuwa nimewahi kukutana na mtu mzima aliyetaka kweli kujua kama jana nilikula tunda.

Ila msimu ule wa kwanza alikuwa kwenye majaribio. Msimamizi wake alimwambia waziwazi: ukikamilisha eneo lako tunaendelea nawe mikoa mingine, ukiacha pengo tunaagana. Na mama mdogo alikuwa amekaa nyumbani muda mrefu tangu amalize chuo, mpaka watu wakaacha kumuuliza habari za kazi, kwa huruma. Kwa hiyo familia nzima tulikuwa tunafuatilia maendeleo yake kama mpira wa fainali.

Nyumba zote alizopangiwa zilikamilika isipokuwa moja, mtaa wa pili, ya fundi cherehani tuliyemwita Kufuli. Alikuwa anashona mlango ukiwa umefungwa, nguo anapokea na kurudisha dirishani. Nilipita pale nikitoka shule, nikamsikia mwenyewe akimwambia mama mdogo, "Mimi ndiye ninayepima watu, binti. Sipimwi." Kisha cherehani ikaanza kunguruma, na mazungumzo yakaishia hapo.

Jioni bibi akatoa ushauri. "Jirani yake yule anaongea mpaka na jiko. Ingia pale, jaza, uje ule."

"Haiwezekani, mama. Kompyuta imechagua mlango ule. Hakuna kubadilisha."

"Kompyuta inajua kwamba yule mzee ni mkorofi?"

"Haijui."

"Basi iambie."

Ndipo nami nikatia swali langu, nikapata maji ya miguu.

Yaliyofuata sikuambiwa na mama mdogo. Yeye alikula kiapo cha kutunza siri za watu, na hata umbembeleze vipi hatoi neno. Nimeambiwa na Kufuli mwenyewe, mwaka huu, akinipima sketi ya shule.

"Simama vizuri, usivute tumbo. Unadhani sketi haitajua?" alisema, kisha akaanza. "Mama yako mdogo alirudi asubuhi, mkanda wa mkoba wake umekatika kwa uzito wa ile mizani. Nikamshonea hapo dirishani. Nikamuuliza, binti, mimi nikikataa, unamwandika nani? Akasema, hatuandiki mtu, baba. Mahali pako panabaki patupu. Nikamuuliza, patupu kabisa? Akasema kabisa. Nikakasirika. Miaka yote hii nipo hapa, nusu ya mtaa imevaa kazi ya mikono yangu, halafu niwe patupu? Nikafungua mlango."

Swali la mwanzo lilikuwa watu gani wanaishi humo na kula chungu kimoja. Akajibu, "Mimi na cherehani." Mama mdogo, kwa jinsi alivyofundishwa, hakucheka. Aliuliza kwa adabu, "Na cherehani ililala hapa usiku wa kuamkia leo?"

Kufuli alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Alikuwa hajacheka ndani ya chumba kile tangu mkewe afariki.

"Hilo ndilo swali nililokuwa nalikimbia," aliniambia, huku akiandika kipimo cha kiuno changu kwa chaki mezani. "Tuko wangapi. Kumbe ukishalijibu, halikuui."

Siku hizi mlango wake uko wazi, na wapo wanaoingia bila hata kitambaa, wanakaa tu na kubishana naye. Mama mdogo naye alirudi siku ile akirukaruka kama mtoto, akakanyaga beseni, na bibi hakumgombeza. Sasa yeye ndiye msimamizi.

Wiki iliyopita mwalimu wetu wa hesabu alitufungulia takwimu za utafiti ule kwenye chumba cha kompyuta. Safu juu ya safu, hakuna jina hata moja. Nilimtafuta Kufuli mpaka kengele ikalia, sikumwona, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini niliona kwamba wanaoishi peke yao ni wengi kuliko nilivyowahi kufikiria.

Nilimkuta mama mdogo anakata kucha barazani. Nikamwambia fundi kanisimulia mambo yake mwenyewe, kwa hiyo sasa hana pa kujificha. Nikamuuliza upya lile swali la nyumba ya jirani.

Akaweka mkasi chini.

"Ningekwenda kwa jirani, kazi ningepata vilevile, na hakuna ambaye angejua. Lakini wenye watu wengi ndio wepesi kufungua, mwanangu. Tukiwafuata wao tu, itaonekana kila mtu nchini ana wa kula naye. Na mtu kama fundi, tungeapa kwamba hayupo."